Mnana wa Kilifi: miaka 100 bila kiota, na sekunde zangu tatu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, najua. Kazi ilinibana, na kila nilipokaa kuandika kulikuwa na seva mahali fulani iliyoamua kufa. Leo sina habari za seva wala za lugha mpya ya programu. Nina historia ya ndege mmoja wa pwani yetu, mdogo tu, mweusi kwa njano. Usikimbie, ndugu msomaji! Hifadhidata itaingia humu, kwa sababu kosa ninalotaka kukiri nililifanya kwa kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Watazamaji wa ndege huwa na kitu wanachokiita orodha ya maisha, yaani aina zote za ndege ambazo mtu amewahi kuziona tangu aanze kutazama. Kila aina huingia humo mara moja tu. Ukimwona ndege yuleyule kesho utafurahi, lakini hesabu haisogei. Ndiyo maana ile mara ya kwanza ina utamu wake. Moyo hudunda, mikono hutetemeka mpaka darubini haitulii, na ile picha ya kitabuni uliyoipita mara mia huonekana imepata uhai. Mimi nilikuwa nawacheka watu hawa. Nilidhani ni wastaafu wenye kofia pana na muda wa kupoteza. Kisha rafiki akanivuta siku moja ya Jumatano, tukatembea na kikundi kutoka Makumbusho ya Nairobi, nikarudi nyumbani nimeambukizwa.

Wako walioambukizwa vibaya zaidi yangu. Phoebe Snetsinger, mama wa watoto wanne huko Marekani, alionyeshwa ndege kwa darubini ya jirani yake mwaka 1965, na maisha yake hayakuwa yaleyale tena. Mwaka 1981 madaktari walimwambia ana saratani ya ngozi na kwamba muda wake si mrefu. Akafunga virago akaenda kutafuta ndege. Aliishi miaka 18 zaidi, akawa mtu wa kwanza kupita aina 8,000, na akafariki mwaka 1999 kwa ajali ya gari huko Madagascar akiwa safarini kutafuta wengine. Na hapa kwetu, Novemba 1986, watu watatu (Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts) walizunguka Kenya kwa saa 24 wakahesabu aina 342, ikawa rekodi ya dunia wakati huo. Nchi yetu ina aina zipatazo 1,100. Ni utajiri ambao wengi wetu tunaupita tukiangalia simu.

Sasa kisa changu.

Mwaka 2016 nilikuwa na kazi ya siku nne Malindi, kuunganisha mtandao katika ofisi ndogo. Siku ya tatu kazi ikaisha mapema. Umbali wa kilomita 20 hivi kutoka hapo, karibu na Gede, ndipo ulipo msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, mabaki makubwa kabisa ya msitu wa pwani ya Kenya. Ndani yake wamo ndege ambao ukiwakosa hapo utawakosa karibu kila mahali. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, anayetosha kukaa kiganjani, ambaye sayansi haikumjua mpaka mwaka 1965. Na kuna mnana wa Kilifi, ambaye Waingereza humwita kwa jina la Clarke, na ambaye katika dunia nzima anaishi katika kaunti moja tu: Kilifi. Fikiria hilo. Ndege mwenye mabawa, anayeweza kwenda atakako, na dunia yake yote inaingia ndani ya kaunti moja.

Nilichukua kiongozi pale mlangoni, mzee Mgiriama mwenye darubini iliyochakaa kuliko viatu vyangu. Tukaingia upande wa mchanga mweupe, kwenye miti ya mrihi, kwa maana huko ndiko mnana huyu hula wadudu juu ya matawi. Tulitembea saa mbili. Shingo ikaniuma. Mzee akabaki nyuma kidogo kusikiliza kitu, mimi nikapiga hatua kumi mbele, na hapo ndege akakatiza tawi kwa tawi juu yangu. Mweusi juu, njano chini. Sekunde tatu, labda nne. Akapotea.

"Mzee! Nimemwona! Mnana wa Kilifi!"

Akaja polepole. Akaangalia juu, hakuna kitu. Akaniuliza, "Umeona nini?"

"Mnana wa Kilifi."

"Mwanangu, sikukuuliza umemwita nani. Nimekuuliza umeona nini."

Nikamwambia: mweusi juu, njano tumboni. Akauliza bawa lilikuwaje. Nikanyamaza. Katika msitu huohuo kuna mnana mwingine, mgongo wake mweusi na tumbo lake la njano, na yeye si adimu hata kidogo; utamkuta kutoka hapa hadi Afrika Kusini, na sauti yake ni kama mlango usiotiwa mafuta. Huyo bawa lake ni jeusi tupu. Dume la mnana wa Kilifi lina kingo za njano kwenye manyoya ya bawa. Nilikuwa nayajua haya yote. Niliyasoma usiku uliotangulia. Lakini sikuliona bawa.

"Basi," mzee akasema, "labda." Tukaendelea kutembea, hatukumwona mwingine.

Usiku ule, hotelini, nikafungua programu kwenye simu. Kidole kikasimama juu ya majina mawili. Nilikuwa nimesafiri kutoka Nairobi. Sikujua nitarudi lini. Nikachagua la adimu nikahifadhi. Simu ikaongeza tarehe, saa na mahali kutoka setilaiti, kila kitu kwa usahihi wa ajabu, isipokuwa jina la ndege. Marafiki wakatuma hongera. Nililala nikiwa na furaha, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kijiwe kidogo kama cha kwenye wali.

Ili uelewe kwa nini kijiwe kile kilikua, inabidi nikurudishe nyuma. Swali la mzee ni la kale, na kila kizazi kimelijibu kwa chombo cha wakati wake.

Katika karne ya 19 jibu lilikuwa bunduki. Ukitaka kusema umeona ndege fulani, mlete. Ngozi ilikaushwa, ikajazwa pamba, ikafungwa karatasi mguuni yenye tarehe na mahali, ikawekwa kwenye droo ya makumbusho. Usione kinyaa haraka. Kwa jicho la mtu wa programu, droo ile ni hifadhidata nzuri: kila rekodi ina ushahidi wake, na mtu wa miaka 100 baadaye anaweza kuufungua na kukagua upya. Tatizo ni kwamba ili kuingiza rekodi ilibidi umuue ndege.

Mambo yakaanza kubadilika taratibu. Mwaka 1894 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilianza kuuza darubini za macho mawili zenye vioo vya prizimu, ndogo za kubeba shingoni na zenye picha safi. Krismasi ya mwaka 1900 huko Marekani, Frank Chapman aliwashawishi watu waache mashindano ya kuwinda ndege siku hiyo, wawahesabu badala yake, na hesabu ile inafanywa mpaka leo. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson akatoa kitabu chake cha ndege chenye ubunifu rahisi kabisa: mishale midogo inayoonyesha alama zinazomtofautisha ndege huyu na yule. Ukiangalia vizuri ule ni msimbo: kama bawa lina mistari, nenda huku, kama halina, nenda kule. Afrika Mashariki tulipata cha kwetu cha kubeba mkobani mwaka 1963, kilichoandikwa na John G. Williams.

Darubini na kitabu vikaondoa maiti, lakini vikaondoa pia ushahidi. Tangu hapo kilichobaki ni neno la mtazamaji. Hobi nzima, na sehemu kubwa ya sayansi iliyojengwa juu yake, ikasimama juu ya watu wanaosema kweli walipokuwa peke yao msituni.

Sasa turudi kwa mnana. Aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1913, zama za bunduki. Aliyemweleza ni Stephenson Clarke, Mwingereza tajiri anayekumbukwa zaidi kwa bustani yake ya Borde Hill kusini mwa Uingereza. Jina la kisayansi, Ploceus golandi, linahifadhi jina la ndugu yake, Goland. Ndugu wawili katika ndege mmoja: mmoja katika jina la Kiingereza, mwingine katika la Kilatini.

Lakini angalia mwaka huo, 1913, na angalia mahali. Ndio mwaka ambao Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akiwaapisha watu wasitoe vijana wao wala kodi kwa Waingereza, mpaka akakamatwa na kupelekwa mbali, magharibi mwa nchi. Mwaka uliofuata, Agosti 1914, serikali ya kikoloni ililipua kaya yao kuu kwa baruti, na vita vikazuka. Mojawapo ya madai ya serikali lilikuwa kwamba Wagiriama wahame ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Sabaki. Nyumba zilichomwa, watu wakavushwa kwa nguvu.

Ukichukua ramani utaona kwamba kaskazini ya Sabaki, nyuma ya Malindi, ndipo kulipo na misitu ya Dakatcha. Weka jina hilo akilini.

Silisemi hili kuwalaumu ndugu wa Clarke kwa yaliyofanywa na jeshi. Ninachotaka kusema ni kwamba tunapotamka "ndege huyu alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1913", tuwe waangalifu. Alionekana na nani? Watu waliokuwa wakirina asali na kuchunga mbuzi chini ya mirihi ile walikuwa na macho. Kilichotokea mwaka 1913 ni kwamba rekodi iliingizwa katika hifadhidata moja, iliyokuwa London, kwa lugha moja. Na mwaka uleule, wale ambao wangeweza kuongeza maelezo walikuwa wanapigania kubaki kwenye ardhi yao.

Kwa hiyo rekodi ikakaa hivyo, ina pengo. Sayansi ilikuwa na ngozi ya ndege. Ilijua rangi yake na mahali anapokula. Haikujua anazaa wapi. Hakuna mwanasayansi aliyekuwa ameona kiota. Nawe unajua mnana ni ndege wa viota! Watoto wote wa Kenya wameona mti wa minana, viota vimening'inia kama matunda na kelele kama soko la Kongowea. Lakini huyu wa Kilifi, kila mwaka mvua zikija, alikuwa anatoweka Sokoke, halafu anarudi baadaye akiwa na watoto waliokwisha kujua kuruka. Alikuwa anakwenda wapi? Wengi walidhani labda anajenga juu kabisa ya mirihi mahali ambapo hakuna anayeangalia. Watu walitafuta juu ya miti kwa miaka mingi. Shingo zikauma.

Miaka ikapita. Mwaka 1989 ikatoka atlasi ya ndege wa Kenya, kazi ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy. Waliigawa nchi katika miraba, kila digrii ya ramani ikikatwa vipande vinne, na kwa kila mraba wakaandika ndege gani ameonekana. Hebu fikiria kazi ile kabla ya tarakilishi kuwa kitu cha kila meza. Lakini mraba mmoja wa aina hiyo una upande wa kilomita 55 hivi. Ndani ya mraba huo unaweza kuficha ziwa, milima na siri ya ndege.

Kisha, Machi 2013, miaka 100 kamili baada ya rekodi ya kwanza, kundi dogo la watazamaji lilikuwa Dakatcha. Miongoni mwao alikuwemo Fleur Ng'weno, mama ambaye tangu miaka ya 1970 ameongoza yale matembezi ya Jumatano niliyokutajia hapo juu, pamoja na wenyeji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha. Mvua zilikuwa zimeanza. Katikati ya msitu kulikuwa na kinamasi cha msimu, kile ambacho wakati wa kiangazi ni bonde la nyasi kavu tu. Sasa kilikuwa na maji, na ndani ya maji yalikuwa yameota majani marefu ya jamii ya mafunjo. Na kwenye majani hayo, karibu na maji kabisa, minana wa Kilifi walikuwa wanajenga.

Si juu ya mirihi. Chini, majini, mahali ambapo sehemu kubwa ya mwaka hapana maji. Miaka 100 watu walikuwa wanaangalia juu.

Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nilisimama na kutembea chumbani. Wale waliokuwa pale walikuwa wamemwona ndege huyu mara nyingi, kwa orodha zao hakuongeza hata namba moja. Na bado nina hakika hakuna siku katika maisha yao ya kutazama iliyofanana na ile. Kuna mara ya kwanza ya mtu, na kuna mara ya kwanza ya kitu chenyewe.

Lakini faida ya siku ile haikuwa furaha peke yake. Sikiliza. Kabla ya hapo, ungeulizwa tulinde nini ili ndege huyu asitoweke, ungejibu: mirihi. Baada ya Machi 2013 jibu likabadilika: mirihi, pamoja na vile vinamasi vya msimu ambavyo kwenye ramani za mipango vinaonekana kama mahali patupu. Na Dakatcha si hifadhi yenye uzio. Ni ardhi ya watu wanaochoma makaa wapate karo na wanaofyeka shamba wapande mananasi. Miaka michache kabla ya kiota kupatikana kulikuwa na mpango wa kupanda jatrofa huko kwenye hekta 50,000, ili mbegu zake zitengenezwe mafuta ya magari. Wenyeji na wahifadhi waliupinga, ukakwama. Ungepita, pengine wangefika kwenye kinamasi kile mwaka 2013 wakakuta safu za mimea, na swali la miaka 100 lingebaki bila jibu milele.

Sasa unaona kijiwe changu kilivyokua.

Zamani orodha ya mtu ilikuwa daftari lake. Ukidanganya, unajidanganya mwenyewe. Mwaka 2002 maabara ya Cornell na shirika la Audubon huko Marekani walianzisha eBird, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingiza alichoona, na kufikia mwaka 2021 ilikuwa imepita rekodi bilioni moja. Kenya tulipata mradi wa Kenya Bird Map mwaka 2013, mwaka uleule wa kiota. Huo hutumia miraba midogo zaidi, dakika tano kwa dakika tano za ramani, yaani kilomita tisa hivi kila upande. Mraba mmoja wa atlasi ya 1989 unaingiza midogo 36 ya sasa. Watu wanaotaka kujua ndege gani anapungua na wapi palindwe huangalia data hizi. Sekunde zangu tatu hazikuwa zangu tena.

Mifumo hii ina ulinzi wake, na kwetu sisi wa programu unavutia. eBird, kwa mfano, kila eneo lina kichujio kinachojua ndege gani anategemewa na wangapi, kwa kila mwezi. Ukiingiza asiyetegemewa, rekodi hupelekwa kwa mkaguzi wa kujitolea, binadamu, naye anaweza kukuuliza maelezo. Lakini fikiria rekodi yangu. Mnana wa Kilifi, ndani ya Arabuko-Sokoke, kwenye mirihi. Mahali sahihi, mazingira sahihi. Hakuna kichujio ambacho kingenikamata! Mnaojua kazi hii mnajua kwamba data mbaya yenye umbo zuri ndiyo inayoua. Tarehe yenye mwezi wa 13 hukataliwa mlangoni. Uongo wenye adabu huingia na kuketi.

Na kosa la kusema ndege adimu yupo si kosa jepesi. Watu kumi kama mimi, kila mmoja na sekunde zake tatu, na ramani itaonyesha kwamba mnana wa Kilifi yuko kila mahali Sokoke, hana shida. Halafu siku moja mtu mwenye kalamu ataangalia ramani ile aseme, ndege huyu wako wengi, kinamasi kimoja kikikauka hakuna neno. Tungemuua kwa kumpenda.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuifuta. Mwaka mzima, kwa kubonyeza mara mbili! Nilijiambia huenda alikuwa yeye kweli. Na huenda alikuwa yeye, kwa kweli. Hilo ndilo linalokera: sijui mpaka leo. Lakini mzee hakuniuliza alikuwa nani. Aliniuliza niliona nini, na jibu la swali hilo nilikuwa nalo tangu mwanzo: mweusi juu, njano chini, basi. Nikafuta. Orodha yangu ikapungua moja. Hakuna aliyetuma pole.

Agosti 2018 nilirudi, safari hii kwa nauli yangu mwenyewe na bila kazi ya kusingizia. Mzee alikuwa bado yupo, darubini ileile. Alinikumbuka. "Wewe ni yule wa labda," akasema, na kucheka kwake kukawashtua nyani.

Alinifundisha kusikiliza kwanza. Mnana huyu hupenda kutembea ndani ya kundi mchanganyiko, ndege wa aina nyingi wanaopita juu ya miti pamoja wakitafuta wadudu, kama basi lenye abiria wa kila kabila. Kwa hiyo humtafuti yeye, unatafuta basi. Siku ya kwanza mabasi mawili, hakuna mnana. Siku ya pili, saa mbili asubuhi, mzee akainua mkono. Sauti nyingi ndogondogo zikawa zinakuja upande wetu.

Nikainua darubini. Wa kwanza si yeye. Wa pili si yeye. Wa tatu alikuwa amejining'iniza chini ya tawi, kichwa chini, akipekua gome. Kichwa cheusi, kifua cheusi. Tumbo la njano kama kiini cha yai la kienyeji. Nikajilazimisha nisiseme jina. Nikaanza kusema kwa sauti ya chini, kama mtoto anayesomeshwa: kichwa cheusi... mgongo mweusi... tumbo la njano... na bawa, bawa lina kingo za njano, mzee, nazona kingo. Karibu naye alikuwapo jike, kijani cha zeituni mgongoni na njano chini. Wakakaa kwetu labda dakika mbili. Nilikuwa natetemeka na macho yakaniwasha, na nitasingizia vumbi mpaka kufa.

Basi likapita. Msitu ukanyamaza.

Mzee akashusha darubini yake akasema, "Sasa mwandike."

Nikamwandika. Dume mmoja, jike mmoja, saa, mahali, na kwenye nafasi ya maelezo, ambayo mara ya kwanza niliiacha wazi, nikaandika kuhusu bawa.

Siku hizi simu zetu zimekuwa hodari zaidi. Tangu mwaka 2021 programu ya Merlin, ya haohao Cornell, husikiliza msitu na kukutajia majina ya wanaoimba, na utambuzi wa picha unazidi kuwa mzuri. Mimi nazitumia na nazipenda, ni kazi ya wenzangu. Lakini naona vijana wakishika simu juu, jina likijitokeza kwenye kioo, nao wakibonyeza kuhifadhi kabla hawajainua kichwa. Programu inajibu swali la "anaitwaje". Lile swali la mzee bado linahitaji macho yako na dhamiri yako.

Ukipata nafasi ya kwenda pwani, usiishie ufuoni. Shuka Gede, lipa kiongozi wa pale, maana wanajua zaidi ya simu yako na wana watoto wa kusomesha. Na kama huna safari, kesho asubuhi toka nje kabla ya matatu hazijaanza kelele, umtafute ndege mmoja usiyemjua jina. Kabla hujalitafuta hilo jina, mwangalie vizuri uandike ulichoona. Kisha niambie: ndege wako wa kwanza alikuwa yupi, na bawa lake lilikuwaje?

Wiki ijayo tunarudi kwenye seva. Kama itakuwa imefufuka.